Wakuu, nadharia ya rangi kwa anayedizaini apu mnaianzia wapi? Mwezi wa pili huu nazunguka na gurudumu tu

Mtoto_wa_Igoma ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Mi ni kijana niko Mwanza, kuprogramu nimejifunzia chumbani mwaka wa tatu sasa na upande huo nashukuru Mungu mambo yanaenda, shida yangu ni rangi. Nimetengeneza apu ndogo ya kikoba cha mama yangu, inaonyesha hisa, nani kalipa, nani anadaiwa, mkopo umebaki shilingi ngapi. Usiku chumbani naiangalia naona nimeua kabisa.

Jumamosi nikaipeleka kwenye kikao. Wanakaa chini ya mwembe saa nane mchana. Nikampa mama mhazini simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavuta ncha ya kitenge akaifunika kama anaikinga mvua, afu akanirudishia, "mwanangu mi naona kijani tu, maandishi umeweka wapi?" Wamama wote wakacheka, na mama yangu akiwemo.

Rangi zangu hizi hapa: (hizo zenye # ni namba za rangi za kwenye kompyuta) vitufe kijani #2ECC71 na maandishi meupe, maelezo madogo ya kijivu #999999 juu ya nyeupe, wanaodaiwa nimewawekea kidoti chekundu #E74C3C, waliolipa kidoti cha kijani, ambao malipo yao hayajathibitishwa njano. Nimeangalia video za gurudumu la rangi, ule mduara wenye rangi zote, mpaka naota, rangi zinazotazamana, rangi majirani, rangi tatu za pembetatu, nikikaa kwenye Figma, ile programu ya kuchorea apu, sijui hata moja inanisaidia nini. Nianzie wapi? Hilo gurudumu lina kazi au napoteza bando? Na mwisho niambieni ukweli, hiki kitu ni kipaji au kinafundishika?

---

Kahawa_Chungu:

Nimevuta kiti nasubiri wajuzi. Na mimi apu yangu wameniambia inafanana na kalenda ya duka la dawa.

---

Boss_Ndogo:

Mkuu rangi ni kipaji tusidanganyane. Ila kama huna, shika kanuni ya 60-30-10, asilimia 60 rangi kuu, 30 ya pili, 10 ya kushtua. Nyekundu inaleta hamasa, njano furaha, buluu uaminifu ndo maana mabenki wanaipenda. Changanya hapo umemaliza.

---

Fundi_Kioo:

Dogo pole, ila huyo mama mhazini kakupa somo la kwanza bila ada. Gurudumu liweke pembeni kwanza.

Rangi ina mambo matatu. Ni rangi gani, yaani nyekundu au kijani au buluu. Imekolea kiasi gani au imepauka. Na ina mwanga kiasi gani, iko karibu na weupe au karibu na weusi. Video nyingi zinakukalisha kwenye la kwanza kwa sababu ndo linapendeza kwenye video, wakati jicho likisoma maandishi linategemea hilo la tatu karibu peke yake. Wewe umechagua rangi tofauti lakini mwanga umekaribiana, juani ile tofauti ndogo inaliwa yote inabaki kijani tupu, na mama kasema hivyo hivyo.

Nimepima tofauti ya mwanga kati ya maandishi yako na kilicho nyuma yake, namba ikiwa kubwa ndo yanasomeka. Nyeupe juu ya #2ECC71 ni 2.1 kwa 1. Kijivu chako juu ya nyeupe 2.85. Nyekundu yako na nyeupe 3.8. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, ambao ndo wengi tunaufuata, unataka maandishi ya kawaida yafike 4.5, maandishi makubwa kuanzia pikseli 24 hivi yafike 3, na tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018 hata ikoni na mipaka ya vitufe nayo 3. Nyeusi tii juu ya nyeupe ni 21, hapo ndo mwisho wa reli. Kwaiyo kikoba kizima umekiandikia kwa wino wa maji.

Unajiuliza kijani kilichokolea vile kinakosaje? Kwenye hesabu ya mwanga wa skrini kijani kinabeba 0.7152, nyekundu 0.2126, buluu 0.0722. Yaani kijani kina mwanga mwingi kiasili, macho yetu yameumbwa hivyo. Ndo maana buluu kamili #0000FF juu ya nyeupe inapata 8.59 na njano kamili #FFFF00 inapata 1.07, hiyo ni sawa na kuandika kwa chaki kwenye shuka jeupe.

Fanya hivi leo usiku. Ingia kwenye simu ya Android, mipangilio ya wasanidi programu, kuna sehemu ya kuigiza upofu wa rangi, chagua ile ya kutoona rangi kabisa, skrini yote inakuwa kijivu. Fungua apu yako. Kisichosomeka hapo hata ukipake dhahabu hakitasomeka. Mi kila kazi naanza na kijivu tupu, nyeusi, nyeupe na vijivu vinne vitano vya katikati, nikishaona kitu muhimu kinaonekana muhimu bila rangi yoyote ndo naingiza rangi moja. Moja! Kitufe cha kulipa. Basi.

Boss_Ndogo hiyo 60-30-10 ni ya wapamba nyumba, sebuleni inafaa, kuta, makochi, mito. Kwenye apu ya hesabu asilimia 90 ni nyeupe na vijivu, ukimwaga asilimia 30 ya kijani mtu anayetafuta deni lake anatafutia kwenye shamba la mchicha.

---

Mzee_wa_Brashi:

Kijana, mimi siyo mtu wa kompyuta, nimeandika mabango na milango ya maduka tangu enzi za rangi za kopo, mwanangu ndo ananifungulia huku. Nataka niseme mawili.

La kwanza gurudumu. Lile wanalowaonyesha mara nyingi ni letu sisi wa brashi, nyekundu, njano, buluu, ambapo nyekundu inatazamana na kijani. Siku mwanangu alinionyesha nyekundu na kijani vikichanganywa kwenye skrini nikabisha, vilitoa njano! Kwenye kopo ukifanya hivyo unapata tope. Akanielewesha kwamba rangi ya kopo inameza mwanga na skrini inatoa mwanga, na kwenye gurudumu la skrini nyekundu inatazamana na ile buluu ya maji ya bahari kifuani, siyo kijani. Kwaiyo kijana ukichukua gurudumu la mchoraji ukalipeleka kwenye simu utapotea kama nilivyopotea.

La pili, kukunja macho. Nikimaliza herufi ya kwanza na ya pili navuka barabara, nasimama upande wa pili, nakunja macho mpaka karibu yafunge. Herufi ikizama kwenye ukuta nafuta, simalizii neno. Mteja anakuwa amesimama pale karibu anasema fundi mbona imependeza, namwambia wewe umesimama hatua mbili, wateja wako wapo kwenye daladala inayotembea. Na kama mteja kang'ang'ania njano juu ya nyeupe, maana wapo, nazungushia herufi mstari mweusi mwembamba. Njano yake anayo na mimi jina langu halichafuki.

---

Kikamba_wa_Kilindini:

Huyo mzee apewe kiti cha mbele.

---

Leso_na_Mkeka:

Salaam alaikum. Mie niko Mombasa, nachora michoro ya vitambaa na siku hizi nafanya kurasa za biashara za watu pia. Ndugu yangu wa Mwanza, mbona watafuta mwalimu mbali na mamako yuwamvaa kila siku? Chukua leso, nyinyi mwaita khanga, itandaze kitandani. Pindo lizunguka kote, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji. Pindo lina kazi yake, mji una kazi yake, na jina ni lazima lisomwe na jirani akiwa upande wa pili wa ua, maana pengine ndiye alonunuliwa hiyo leso 😂. Sasa tazama jina laandikwa vipi: kwenye kijisanduku chake, rangi moja ilotulia, herufi za rangi ilo mbali nayo. Hakuna anayeandika jina juu ya maua. Na kisutu cha bi harusi miaka yote hii ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi tatu zimetosha. Nawe kwa apu ya vikoba wataka rangi ngapi?

Jambo la pili ambalo halijaguswa. Rangi haikai peke yake, hukaa na jirani, na jirani huibadilisha. Kuna mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimepauka. Akazipima, akaona rangi yenyewe haina kasoro, kasoro ni zile nyuzi zilofumwa kando yake, ndizo zilozifanya nyeusi zionekane dhaifu. Matokeo akayachapisha mwaka 1839. Nami yalinifika hayo hayo bila kujua historia: nilichukua kijivu kimoja nikakiweka juu ya pinki, kikaonekana kina ukijani, mteja akanambia nimembadilishia rangi, nikamtolea namba kumuonyesha ni ile ile, hakuamini hadi leo.

Kwa hivyo usichague rangi kwenye kisanduku chake cha pekee pale Figma. Iweke mahali itakapoishi, na majirani zake wote, ndipo uamue. Na nyekundu ilokolea usiiweke juu ya buluu ilokolea, zitaanza kutetemeka mtu aumwe kichwa.

---

Simba_Damu:

Mi nataka kuongezea kwa Boss_Ndogo hayo ya nyekundu hamasa buluu uaminifu. Hizo maana zinategemea uko wapi na unaongea na nani. Mkenya ukimwambia kitufe cha pesa anawaza kijani, M-Pesa yao ya tangu 2007 imevaa kijani cha Safaricom. Huku kwetu M-Pesa ni ya Vodacom, ni nyekundu, na watu wanatuma hela kila siku kwa rangi ambayo video za Wazungu zinasema ni hatari na hasara. Hakuna aliyeogopa.

Mimi niliwahi kumfanyia mtu apu ya duka, nikaweka kijani na njano nikijisifu ni rangi majirani kwenye gurudumu, zinaendana. Jamaa akaangalia akaniuliza, "hii ni apu ya duka langu au kadi ya Yanga?" Mwenzake aliyekaa pembeni akasema hapana hiyo ni ya chama. Gurudumu halina hilo somo. Nilibadilisha siku hiyo hiyo na roho yangu ikatulia maana na mimi nilikuwa najisikia vibaya muda wote jina langu linavyoonyesha.

---

Boss_Ndogo:

Sawa sawa nimesalimu amri. Ila ya mabenki na buluu siiachi.

---

Macho_ya_Ngombe:

Mkuu Mtoto_wa_Igoma mimi ni mwanaume mwenye tatizo la nyekundu na kijani, nilizaliwa nalo, nilijua nikiwa darasa la tano nilipochora bendera mwalimu akanichapa akidhani namfanyia utani. Kwenye apu yako mimi nikiingia, aliyelipa na anayedaiwa wote wana kidoti cha aina moja ya hudhurungi hivi, kimoja kimeiva kidogo kuliko kingine. Sasa niambie nimdai nani.

Na hatuko wachache, kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini inatajwa mwanaume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa kikoba cha wamama unaweza kusema huna mtu kama mimi, sawa, ila kesho kikoba cha bodaboda kitaitaka.

Dawa ni rahisi, usiiachie rangi kazi peke yake. Andika neno. "Amelipa", "Anadaiwa", weka na alama ya vema au mshangao pembeni, rangi ije kusaidia tu. Ile sehemu ya simu aliyoitaja Fundi_Kioo ina pia aina zetu sisi, ichague uone ninavyoona. Na kama unajaribia kwenye Chrome ya kompyuta, zana zake za wasanidi zina sehemu ya kuigiza matatizo ya macho. Dakika tano tu unakuwa mimi, afu unarudi zako.

---

Mtoto_wa_Igoma:

Asee sikutegemea. Nimeshinda nayo tangu juzi, naleta mrejesho.

Nimegeuza simu kijivu kama Fundi alivyosema nikafungua apu yangu, niliona aibu niko peke yangu chumbani. Kitufe cha "Lipa hisa" kilikuwa kama wingu. Kidoti cha amelipa na anadaiwa nikashindwa kutofautisha mwenyewe niliyeviweka.

Nimefuta rangi zote nikaanza na kijivu. Maelezo madogo nimeyashusha hadi #595959 naona inanipa 7. Kijani nimekitia giza hadi #1E7B45 na maandishi meupe inasoma 5.28, kipo kwenye kitufe kimoja tu kila ukurasa, na ajabu yake sasa ndo kinaonekana kijani zaidi kuliko kilipokuwa kila mahali. Vidoti nimeua, nimeandika maneno. Mzee_wa_Brashi shikamoo, nimeegemeza simu dirishani nikatoka nje nikasimama kwenye karo nikakunja macho, mpangaji mwenzangu akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Kilichobaki njano. Ile ya "inasubiri kuthibitishwa". Nikiitia giza ili ifike 4.5 inakuwa rangi ya ugoro, siyo njano tena. Na kingine, nimejaribu kutengeneza ngazi za rangi kwa HSL, ile namna ya kuandika rangi kwa namba tatu, aina, ukolevu na mwanga (L), nikaweka L 50 kwa zote nikidhani zitalingana mwanga, mbona njano inang'aa na buluu imezama?

---

Fundi_Kioo:

Hapo umeuliza swali la mtu aliyeanza kuelewa.

Njano haina giza. Ni rangi iliyozaliwa na mwanga, ukimtoa mwanga anakufa anabaki ugoro kweli, hakuna ujanja. Kwaiyo usiifanye iwe maandishi, ifanye iwe kitambaa. Chukua njano iliyopauka kama #FFF3C4 iwe bakgraundi ya kijisanduku, maandishi yawe kahawia nzito #5C4300, hapo unavuka 8 na mtu yeyote akiangalia atakwambia hiyo ni njano. Ni lile jina la leso alilosema dada wa Mombasa.

HSL sasa. Ile L ni hesabu tu ya namba za nyekundu, kijani na buluu, macho ya mtu haiyajui. Ndo maana njano na buluu zote zinaandikwa 50 wakati moja ina mwanga wa 0.93 na nyingine 0.07. Ukitaka ngazi zinazolingana tumia OKLCH, namna nyingine ya kuandika rangi inayofuata macho ya mtu, imejengwa juu ya mfumo wa Oklab alioutoa Björn Ottosson mwaka 2020, na vivinjari vipya vinaisoma moja kwa moja kwenye CSS, lugha ya kupambia kurasa. Humo L ikiwa sawa macho nayo yanaona karibu sawa. Unaweka L moja, unazungusha rangi, unapata kijani, nyekundu na buluu zenye uzito mmoja. Hapo sasa ndo gurudumu linapata kazi, maana swali la mwanga umeshalimaliza. Ila angalia, ukolevu nao una mipaka, kuna rangi ukiikoza sana kwenye L fulani skrini haina uwezo wa kuitoa, itakupa iliyo jirani yake bila kukuambia.

Vijivu vyako pia usiviache vikavu. Vitie chembe ya kijani chako, ukolevu mdogo sana, mtu asione kama ni kijani. Vitakaa familia moja na kitufe. Hiyo ndo "kipaji" wanachosema watu.

Ukifika kwenye ukurasa wa usiku usigeuze tu nyeupe iwe nyeusi tii. Anza na #121212 hivi, na rangi zako zipunguze ukolevu, gizani rangi iliyokolea inapiga kelele. Ila hiyo iache kwanza, wamama wanakaa chini ya mwembe saa nane.

---

Leso_na_Mkeka:

Na hiyo nyekundu ya wanaodaiwa, wazo langu, ipunguze makali. Mtu mzima kuona jina lake limewaka nyekundu mbele ya wenziwe si vizuri. Neno "Anadaiwa" na kahawia yatosha. Nyekundu iwekee kitufe cha kufuta.

---

Mtoto_wa_Igoma:

Dada hilo sikuliwaza kabisa na mama yangu mwenyewe mwezi uliopita alikuwa kwenye hiyo orodha 😅 nabadilisha sasa hivi.

Kikao ni Jumamosi tena. Nampa mama mhazini simu yake mwenyewe, ile ina ufa na mwanga kashusha mwisho kabisa anatunza chaji, siyo ya kwangu. Akivuta kitenge narudi hapa.